Sayatika na hawa watu wa kuliza mgongo: nimalizie malipo ama niwachane nao?

dere_wa_33 (Jumanne usiku)

Wadau habari za usiku. Mimi ni dere, naendesha Isuzu ya watu 33 kutoka Eastlands kwenda tao, mwaka wa kumi na moja huu kwa stiringi. Tangu mwisho wa mwezi wa pili niko na hii kitu wanaita sayatika, uchungu wa neva unaanzia kwa kiuno upande wa kushoto, unashuka kwa tako, unapita kwa paja, unazunguka upande wa nje wa kigimbi na kuishia juu ya mguu hapo kwa kidole gumba, na si ule uchungu wa kuchoka, ni kama mtu ameniunganishia stima mguuni alafu anawasha na kuzima venye anataka. Nikikohoa naskia. Kupiga chafya ndio usiseme, juzi nimepiga moja hapo Jogoo Road abiria wa mbele akadhani nimegonga mtu. Na mguu wenyewe ndio ule wa klachi, sasa fikiria jam ya asubuhi, kanyaga achilia kanyaga achilia, nikifika tao nashuka kwa gari nimeshikilia mlango kama mzee wa miaka themanini na mimi niko 41.

Nimeshaenda kemisti mara tatu, sindano ya diklo ya kutuliza uchungu, vidonge, alafu daktari mmoja wa mtaa akaniandikia pregabalin ati ni dawa ya neva. Hio imekuwa ikinifanya nasinzia kwa stiringi, walai siku moja nilishtuka makanga akigonga bodi mara ya tatu na sijaskia. Asubuhi nikaacha, nameza usiku tu.

Sasa sista yangu anafanya kazi Westlands, akaniambia kuna mahali pa kairopraktiki, wale wa kuliza mgongo ko ko ko wako TikTok. Nikaenda Jumamosi. Wakanipiga eksirei, wakaiweka kwa skrini wakachora mistari miekundu, ati pingili zimetoka laini na nikikaa hivyo mguu utaisha. Hakuna mtu aliguza huo mguu. Nikauliza mtanianza leo? Wakasema kwanza tukubaliane malipo. Vikao 24, elfu themanini na nne, lakini ukilipa yote leo ni sitini na nane. Mimi nikatoa dipoziti ya elfu kumi juu mtu akiumwa akili huwa inaenda kutembea.

Swali ni moja ama mawili. Hii kitu inasaidia neva kweli ama nimeliwa? Na kuna hatari mtu akinizungusha kiuno na pengine diski ni mbaya? Tajiri anataka hesabu yake kila jioni, siwezi lala nyumbani mwezi mzima.

makanga_mstaafu

Pole dere. Dawa yako ni moja, tafuta gari ya automatic 😂 Lakini ukweli hio ni ugonjwa ya madere, mzae wangu aliendesha basi miaka ishirini na mguu mmoja ulibaki mwembamba kuliko ule mwingine, alikuwa anavaa soksi mbili upande huo ndio kiatu ishike. Elfu themanini na nne? Hio ni gearbox ya mtumba na ufundi bro.

msusi_wa_umoja

Mimi nitaongea tofauti kidogo juu naona watu wataanza kusema wote ni matapeli. Mimi ni msusi, nasimama kutwa nzima nimeinama kwa kichwa ya mtu, na mwaka juzi nilipata kitu kama hio yako lakini mguu wa kulia, nilikuwa nasuka knotless na machozi yanatoka mteja ananiuliza kama nimefiwa. Kasta wangu mmoja akanipeleka kwa kairopraktika, huyu alisomea Durban, na mtu mtaratibu sana. Siku ya kwanza hakuliza kitu. Alinigonga na kanyundo kwa goti na nyuma ya kisigino, akanivuta mguu juu nikiwa nimelala, akapitisha pamba kwa ngozi ya mguu akiniuliza unaskia sawa hapa na hapa, akaniuliza maswali ya choo mpaka nikaona aibu. Alafu akaniambia tutajaribu vikao sita, unalipa kila ukija, kama kufikia cha sita hakuna mabadiliko nakuandikia barua uende ukapigwe MRI, ile picha inaonyesha mpaka diski na neva, na sitachukua pesa yako tena. Akanipea na mazoezi ya nyumbani.

Kufika wiki ya tano nilikuwa nalala usiku mzima. Sasa ni yeye ama ni siku zilifika? Siwezi apa. Lakini sijutii. Kwa hivyo dere usiulize kama kairopraktiki ni nzuri ama mbaya, jiulize mbona hao walikupigia bei kabla hawajakuguza mguu.

msomaji_wa_usiku

Ngoja niwapatie historia kidogo kwa sababu watu wanaenda huko hawajui walikotoka. Kairopraktiki ilianzishwa Marekani mwaka wa 1895, mji wa Davenport, jimbo la Iowa, na mtu anaitwa Daniel David Palmer. Huyu Palmer hakuwa daktari, kazi yake ilikuwa kutibu watu kwa sumaku. Mgonjwa wake wa kwanza wa kugongwa mgongo alikuwa Harvey Lillard, msafishaji wa jumba lenye Palmer alikuwa anafanyia kazi, na hakuwa anaumwa mgongo wala mguu, alikuwa haskii vizuri! Palmer akagonga mfupa wa mgongo, akasema jamaa ameanza kuskia, na kutoka hapo akatangaza karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Neva ya kuskia iko ndani ya kichwa, haipiti mgongoni. Sasa miaka mia na thelathini baadaye dere wa Nairobi anachorewa mistari miekundu ileile.

Sisemi wote wa leo wanaamini hivyo. Wengine wamesoma chuo kikuu miaka mitano sita na wanafanya kazi kama watu wa mgongo tu, huyo wa msusi inaonekana ni wa aina hiyo. Lakini ukiskia mtu anakwambia pingili zimetoka laini, jua unaongea na marehemu Palmer.

makanga_mstaafu

Kwa hivyo nikienda na mgongo naeza toka naskia makanga vizuri 😂😂

fizio_wa_mtaa

Dere pole sana. Mimi ni fizio, mchana niko hospitali ya serikali na jioni naona watu mtaani, kwa hivyo jua pia mimi niko na upande wangu, lakini skiza.

Kwanza hio hadithi ya laini itoe kichwani. Eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi diski na haionyeshi neva. Hakuna mtu anaweza kuitazama akakwambia neva imebanwa wapi, na mistari miekundu unaweza kumchorea mtu yeyote, hata mimi nikilala hapo nitatoka nimepinda. Na ile ko ko si mfupa unarudi mahali pake, ni gesi ndani ya maji ya kiungo, ni kama kualisha vidole. Ukialisha vidole asubuhi hakuna kidole kilikuwa kimetoka.

Venye umeeleza, nje ya kigimbi mpaka juu ya mguu na kidole gumba, hiyo ni njia ya mzizi wa neva tunaouita L5. Neva ya siyatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini, karibu unene wa kidole gumba chako, na inaunganishwa na mizizi kadhaa inayotoka kiunoni, L5 ni mmoja wapo. Anayeusumbua mara nyingi ni diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Wewe ni dere, umeshaona tairi imetoa nundu ubavuni? Diski inafanya hivyo. Haichomoki kama watu wanavyosema, imeshikana na mifupa juu na chini, lakini ubavu unalegea, ute wa ndani unasukuma nje, na ukifika kwa neva unaibana na pia unaichoma kwa zile kemikali zake, ndio maana unaskia stima mguuni na mgongo wenyewe pengine hauumi sana. Tofauti na tairi ni kwamba nundu ya tairi hairudi. Ya diski mara nyingi mwili unaila polepole, na watu wengi wanapata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na 12 bila upasuaji. Wewe uko kama wiki ya saba. Ukianza vikao 24 leo, ukipona mwezi ujao nani atapewa sifa?

Sasa kama inasaidia. Ushahidi upo lakini ni mdogo. Italia mwaka wa 2006 walichukua watu 102 wenye diski imetokeza na mguu unauma, wengine wakalizwa mgongo kwa ukweli wengine wakaigizwa tu, na wale wa ukweli 55 kwa mia uchungu wa mguu uliisha, wa kuigizwa 20 kwa mia. Si kitu cha kudharau. Lakini ni utafiti mmoja, na mwongozo wa Uingereza unasema tiba ya mikono itumike tu ikiwa pamoja na mazoezi, isiwe peke yake. Kulala kitandani pia usijaribu, Waholanzi walipima hiyo 1999 wakapata waliolala wiki mbili hawakuwashinda waliokuwa wanaendelea na shughuli zao. Na hiyo pregabalin, Australia 2017 waliwapa watu 209 wenye sayatika, nusu dawa nusu kidonge tupu, hakuna tofauti ya maana kwa uchungu wa mguu, tofauti ilikuwa kizunguzungu. Wewe unabeba watu 33. Lakini usiikate ghafla kama umemeza wiki kadhaa, rudi kwa aliyeiandika akupunguzie.

Hatari ya kuzungushwa ndio swali muhimu na jibu liko kwa mguu wako, si kwa eksirei. Nijibu haya kabla hujaenda popote, na usione haya:

Ukijipangusa chooni unaskia karatasi sawa pande zote? Mkojo unatoka bila kusukuma, na unajua ukitoka? Kuna ganzi mahali penye ungekalia tandiko la baiskeli? Mambo ya chumbani yamebadilika ghafla? Miguu yote miwili imeanza kulegea? Likiwa ndio hata moja, usingoje asubuhi, enda kajualti usiku huu. Hiyo ni neva za chini zote zimebanwa kwa pamoja na dakitari ana masaa tu ya kuziokoa, sio siku.

Kama ni hapana zote, simama ushike ukuta, tembea hatua kumi na visigino, alafu hatua kumi na vidole. Alafu kaa, mwambie mtu abonyeze kidole gumba cha mguu chini wewe ukikiinua, mmoja mmoja. Niambie.

mjukuu_wa_pwani

Kaka dere pole. Mimi ni wa Mombasa lakini niko South C mwaka wa tisa. Fizio amesema vizuri ila nataka kuongeza jambo moja kwa kuwa lilitupata nyumbani. Mamangu aliumwa kiuno miezi minane, likishuka paja. Alikandwa mafuta ya nazi, akapigwa sindano, akapelekwa kliniki moja akawa anavutwa mgongo kila wiki, wakatwambia ni neva, ni uzee, apunguze uzito. Uzito alikuwa ashapunguza mwenyewe bila kujaribu! Nguo zinamvuka. Usiku kanga analoa jasho unaikamua. Hakuna aliyeuliza. Alipopigwa MRI mwishowe ni TB ya uti wa mgongo, pingili mbili zimeliwa, na hao walikuwa wakimvuta juu yake.

Alimeza dawa mwaka mzima, za serikali, bure, na yuaenda mwenyewe leo alhamdulillahi japo ameinama kidogo. Sasa wewe kaka, homa unapata? Jasho la usiku? Umepungua? Uchungu unakuamsha hata ukiwa umelala tuli? Ikiwa hapana, sawa, lakini yeyote atakayekuwekea mkono mgongoni bila kukuuliza hayo mwambie akae nayo mikono yake.

dere_wa_33 (Jumatano mchana)

Asanteni wakubwa. Mama wa pwani pole kwa mama, mimi jasho sina na kitambi bado kiko hapa mahali pake. Choo sawa, karatasi naskia, chumbani... bibi hajalalamika, ni vile tu lazima nikae upande mmoja.

Hio ya visigino nimejaribu saa hii hapa steji ya Donholm, nimeshika ubavu ya gari, watu wa mahindi wananiangalia. Vidole niko sawa pande zote. Visigino mguu wa kulia sawa, wa kushoto nimeenda hatua nne alafu mbele ya mguu ikaanza kushuka yenyewe pap pap kama slipa. Makanga amenibonyeza kidole gumba, wa kulia ameshindwa kuushusha, wa kushoto ameushusha na kidole kimoja chake. Kijana akaacha kucheka. Alafu nikakumbuka wiki hii nimekwaruza kiatu kwa ngazi ya gari mara mbili nikadhani ni uchovu.

Hapa kwa juu ya mguu kuna ganzi pia, kama umevaa soksi na hujavaa.

fizio_wa_mtaa

Dere hiyo si ya kungoja Jumamosi. Kidole kinachoshushwa na kidole kimoja na kiatu kinachokwaruza maana yake L5 haitumi tu uchungu, imeanza kupoteza nguvu. Uchungu peke yake nakwambia vumilia. Nguvu ikipungua ni hadithi nyingine, kwa sababu uchungu utaisha wenyewe na nguvu inaweza isirudi. Soksi mbili za mzae wa makanga_mstaafu zilikuwa hiyo hiyo.

Kwa hivyo: asikuzungushe mtu yeyote kiuno kwa sasa, si Westlands, si Gikomba, si mimi. Wiki hii, na ikiwezekana kesho, uonwe na daktari wa mifupa ama wa neva, mwambie maneno haya haya ya kisigino na kidole, usimwambie tu mgongo unauma maana utatoka na diklo nyingine. Akutume MRI. Ikizidi kabla ya hapo, ama choo ikibadilika, kajualti.

Na gari mpe skwodi, dere wa kukushikilia. Mguu wa klachi usiojua uko wapi ni hatari kwa watu wote wa Jogoo Road.

msusi_wa_umoja

Uko na risiti ya hio elfu kumi? Enda nayo mapema.

dere_wa_33 (Jumatatu iliyofuata)

Wadau nimepigwa MRI. Ripoti ni ukurasa na nusu, sikuelewa kitu, nimeona tu "diski imetokeza" sehemu tatu, L3/L4, L4/L5 na L5/S1, nikaanza kuwaza nimeisha, pingili zote zimeharibika, naskia hata shingo inauma. Daktari nitamwona Alhamisi. Fizio nisaidie nilale.

fizio_wa_mtaa

Lala. Mwaka wa 1994 Wamarekani walipiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na uchungu wa mgongo hata kidogo, na zaidi ya nusu yao walikuwa na diski imevimba angalau mahali pamoja. Diski zikizeeka zinavimba kama nywele zinavyotoa mvi. Mwenye anatuhusu ni ile moja ya L4/L5, kati ya pingili ya nne na ya tano, yenye imeguza mzizi wa L5 upande wa kushoto, juu ndio inalingana na kidole chako. Hizo zingine mbili ni abiria tu.

mjukuu_wa_pwani

Na TB?

dere_wa_33

Mifupa wamesema iko safi mama, niliuliza hio kwanza kabla ya kitu kingine.

dere_wa_33 (mwezi wa sita)

Nimerudi juu kuna mtu amenitumia ujumbe akiuliza iliishia wapi.

Daktari alinipima kama venye fizio alisema, kidole, kisigino, kanyundo. Akaniambia kuna njia mbili: kufanyiwa operesheni ndogo watoe ile nundu, ama tungoje tukipima nguvu kila wiki, na ikishuka hata kidogo tunaingia. Nikamuuliza yeye angefanya nini, akacheka, akasema kwa watu ambao ni uchungu tu, Waholanzi walilinganisha 2007, waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka lakini baada ya mwaka mmoja wote walikuwa sawa, ila mimi niko na udhaifu kwa hivyo hatangoja mwaka. Tukakubaliana wiki tatu. Kila Alhamisi naenda ananibonyeza kidole. Wiki ya kwanza sawa na mwanzo. Ya pili akatumia vidole viwili. Ya tatu alisukuma na mkono mzima, nikamwona anakunja uso kidogo, nikajua nimepona ama niko njiani.

Kwa hivyo hawakunipasua. Fizio wa huko hospitali ananipea mazoezi, na kuna moja ya kuteleza neva, unakaa kwa kiti unanyoosha goti huku unainua kichwa, mwanzo nilidhani ananichezea. Natembea kutoka Donholm mpaka Jacaranda na kurudi kila asubuhi. Usiku nalala upande wa kulia na mto katikati ya magoti. Ganzi ya juu ya mguu bado iko kiasi, wamesema hio ndio huwa ya mwisho kuondoka.

Kwa gari nimerudi nusu siku, skwodi anachukua asubuhi yenye jam na mimi naingia saa nane. Tajiri alinuna wiki moja akazoea. Waleti nimetoa mfuko wa nyuma, sikuwa najua miaka kumi na moja nakalia tofali upande mmoja. Kiti nimesogeza mbele ndio mguu usinyooke sana kwa klachi, na nyuma ya kiuno nimekunja taulo ya mtoto. Nikifika tao nashuka nazunguka gari mara mbili kabla ya kubeba, kanjo wamezoea kuniona wanadhani nakagua tairi.

msusi_wa_umoja

Asante kwa kurudi kutuambia. Na elfu kumi?

dere_wa_33

Hio ndio stori 😂 Nilienda na risiti, wakasema dipoziti hairudishwi lakini wananithamini kama mteja. Nikawaambia daktari amekataza kuzungushwa, nikawaonyesha barua. Msichana wa risepsheni akaingia ndani akakaa sana, akatoka na mto. Mto wa shingo, uko na kiwimbi katikati, ati unauzwa elfu nne na mia tano na zile pesa zingine zitabaki kwa akaunti yangu mpaka mwaka uishe.

makanga_mstaafu

Na ukachukua??

dere_wa_33

Ningefanya aje. Shingo yangu haijawahi kuuma. Kijana yangu wa mwisho ndio anaulalia, na kila asubuhi naupata sakafuni.